Qiu Ju ni Mpare

Kuna utani ambao kila Mpare aliyesoma shule ya bweni huusikia kabla ya wiki ya kwanza kwisha: Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Mimi niliusikia kidato cha kwanza, kutoka kwa mwenzangu aliyechukua kijiko changu nikamdai mara mbili. Bweni zima likacheka. Nami nikacheka, na kijiko nikakiacha.

Makala haya yanahusu filamu ya Kichina, lakini yanaanzia kwenye kijiko hicho.

Si muda mrefu uliopita nilikaa kwenye mjadala wa vijana kuhusu utamaduni na filamu. Mzungumzaji mmoja, msomi mwenye sauti tamu, alitukumbusha kwamba mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na watu wakaipenda. Alitukumbusha pia kwamba Machi 2013 Rais Xi Jinping, akihutubia Dar es Salaam, aliitaja tamthilia hiyo kama mfano wa jinsi Watanzania wanavyoyafahamu maisha ya Wachina. Kisha akahitimisha: tuliielewa kwa sababu Confucius na wazee wetu walisema jambo moja. Mdogo amtii mkubwa. Mke amtii mume. Kila mtu aridhike na nafasi yake, na ugomvi umalizwe nyumbani. Filamu za Kichina, alisema, zinaturudishia heshima tuliyoipoteza kwa kuiga Wazungu.

Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, lakini sikunyanyua mkono pia. Ninyanyue sasa.

Ninasema kwamba bwana yule hakumtendea haki Confucius, hakuzitendea haki filamu za Kichina, na zaidi ya wote hakuwatendea haki wazee wetu. Na ushahidi wangu ni filamu moja tu.

Zhang Yimou ni mtu wa Xi'an, mkoa wa Shaanxi. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni alipelekwa kulima vijijini, kisha akawa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo huko huko kwao, hadi mwaka 1978 alipoingia Chuo cha Filamu cha Beijing akiwa amepita umri wa kupokelewa. Wengi wetu tunamjua kwa filamu zake za mapanga na mavazi ya rangi kali, kama Hero ya mwaka 2002. Lakini mwaka 1992 alitoa filamu isiyo na panga hata moja, iitwayo Hadithi ya Qiu Ju, ambayo ilitwaa Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice.

Qiu Ju ni mke wa mkulima wa pilipili. Ana mimba kubwa. Mume wake amegombana na mwenyekiti wa kijiji kuhusu kibanda cha kuhifadhia pilipili, na katika maneno akamtukana mwenyekiti, ambaye ana mabinti watupu, kwamba kazi yake ni kufuga kuku majike. Mwenyekiti akampiga teke sehemu za siri. Kisa chote ni hicho.

Qiu Ju hataki mwenyekiti afungwe. Hataki avuliwe uongozi. Anataka kitu ambacho kwa Kichina kinaitwa "shuofa", yaani neno: mwenyekiti aseme kwamba alikosea. Ofisa wa polisi wa tarafa anawapatanisha, mwenyekiti anakubali kulipa yuan 200. Qiu Ju anapokwenda kuchukua, mwenyekiti anazitupa noti chini, ili kila noti atakayoinama kuiokota iwe ni kumwinamia yeye. Qiu Ju haokoti. Anarudi nyumbani, anapakia pilipili kwenye mkokoteni, anaziuza apate nauli, anakwenda wilayani. Wilaya inasema yale yale. Anauza pilipili tena, anakwenda mjini. Mjini wanasema yale yale: pesa utapata, neno hupati. Anakwenda mahakamani.

Ukiwa Mpare, unapofika hapo unaanza kutazama nyuma kama kuna mtu anakuchungulia.

Sasa turudi kwa Confucius. Ni kweli kwamba hakuzipenda kesi. Katika kitabu cha Mazungumzo anafundisha kwamba jambo kubwa si kuamua mashauri vizuri, bali kuwafanya watu wasiwe na haja ya kushtakiana. Mzungumzaji wetu angeliona fundisho hilo angefurahi sana. Lakini tulitafakari kidogo. Kijiji kisicho na kesi kinaweza kuwa kijiji chenye haki. Kinaweza pia kuwa kijiji ambacho wanyonge wameshajua kwamba kusema hakuna faida. Ukipita barabarani vinafanana. Tofauti utaijua kwa kuuliza waliokaa kimya.

Na Confucius huyo huyo hakuhubiri utii wa upande mmoja. Alifundisha kwamba mtoto anapoona mzazi anakosea amwambie kwa upole, na kwamba mtawala naye ana wajibu wa kuwa mtawala kweli kweli, si kukalia kiti tu. Yeye mwenyewe, mzaliwa wa dola ya Lu katika mkoa ambao leo ni Shandong, alizunguka miaka mingi kutoka dola moja hadi nyingine akitafuta mtawala wa kumsikiliza, na hakumpata wa kudumu. Kwa maneno mengine, naye alipanda ngazi za ofisi kama Qiu Ju.

Ndiyo maana naiona filamu hii kuwa ni ya Kiconfucius kuliko hotuba zote za heshima. Qiu Ju hapingi kuwepo kwa mkubwa. Anamwita mwenyekiti "mwenyekiti" mpaka mwisho. Anachokataa ni mkubwa asiyetaka kubeba ukubwa wake. Heshima kwake ni deni la pande mbili, na amekuja kudai upande wake. Zhang Yimou ameyachukua mafundisho ya miaka 2500, akayaweka mdomoni mwa mwanamke wa kijijini mwenye koti zito na tumbo la miezi minane, kisha akatuuliza: je, bado mnayaamini?

Hapa lazima niseme kwa nini jambo hili linaniuma.

Nina shangazi huko Usangi, juu milimani, wilaya ya Mwanga. Wasiopajua wajue kwamba sisi Wapare tumelima kwa maji ya kuongoza tangu mababu. Kuna ndiva, bwawa linalochimbwa juu ya mashamba, linakusanya maji ya kijito usiku. Asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mifongo hadi shambani kwa mtu, kwa zamu. Ndiva ikijaa tope, watu wote wanaitwa msaragambo, wanaizoa kwa pamoja. Asiyekuja analipa faini. Zamu ni kitu kikubwa kwetu. Mtu anaweza kukusamehe deni, asikusamehe zamu.

Kiangazi kimoja zamu ya shangazi ilirukwa mara tatu mfululizo. Maharage yakakauka. Kwenye mkutano wa ndiva akauliza kwa nini. Kiongozi wa kikundi akamjibu mbele ya watu kwamba mwanamke aliyeachika akarudi kwao hana zamu, ana msaada tu. Shangazi alikuwa hajakosa msaragambo hata mmoja tangu arudi.

Hakudai maharage. Alitaka yule bwana ayarudishe maneno yake, kwenye mkutano ule ule, mbele ya watu wale wale. Akaenda kwa uongozi wa kijiji, wakamwambia samehe. Akaenda baraza la kata, likaahirisha, likaahirisha tena. Akauza debe la mahindi kwa ajili ya nauli. Ndipo ukoo ukaona aibu, na kwa kuwa mimi ndiye msomi, nikapewa kazi ya kumpigia simu.

Nilimwambia, "Shangazi, maharage yenyewe hayafiki hata laki. Watu wanatucheka. Ndiyo maana tunaitwa Wapare wa kesi." Nikamwambia pia habari za heshima ya ukoo. Nilizungumza vizuri sana, nadhani kama yule bwana wa ukumbini.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, mwanangu." Akaacha.

Miezi mingi baadaye nikaiona Hadithi ya Qiu Ju.

Watetezi wa heshima watasema, hilo ni jambo lako na shangazi yako, filamu inaingiaje? Inaingia hivi. Wakati nampigia simu, sikuwa na picha yoyote kichwani ya mtu kama yeye ambaye si kichekesho. Mwanamke wa milimani anayekwenda barazani kwa sababu ya neno, mimi nilimjua kutoka sehemu moja tu: kwenye utani. Na kwenye filamu zetu pia ni hivyo hivyo. Mtu wa kijijini anaingia na lafudhi iliyokuzwa ili watu wacheke. Mpare akitokea, ni bahili au ana kesi. Mila zikitokea, ni mganga, tunguli na moshi. Wote wanaobaki wanazungumza Kiswahili cha Dar es Salaam, hata kama wamesimama mgombani.

Zhang Yimou alifanya kinyume. Aliwapa wahusika wake lafudhi ya Shaanxi. Mwalimu aliyewahi kunifundisha Kichina, mwenyeji wa kusini mwa China, alikiri kwamba naye akitazama filamu hiyo husoma maandishi ya chini. Alichukua waigizaji wachache wa kazi, akiwemo Gong Li, akawachanganya na wanakijiji na watu wa kawaida, na mitaani mara nyingi akaificha kamera ili watu waendelee na shughuli zao. Unaona pilipili nyekundu zimetundikwa ukutani, wanaume wamechuchumaa na mabakuli ya tambi, baiskeli zimebanana mjini, na juu yake unasikia opera ya kwao. Hakuna anayetuambia "huu ni utamaduni wetu". Watu wana shughuli zao, na utamaduni umo ndani ya shughuli.

Tunaambiwa China ina historia ndefu, ndiyo maana filamu zake zina kina. Hiyo ni kauli ya uvivu. Sisi tunayo mambo yetu na hatuyagusi. Wilaya ya Mwanga peke yake ina Kipare na ina Kigweno, ambacho kiko karibu zaidi na Kichaga na kinazidi kubaki midomoni mwa wazee. Ni filamu gani imewahi kumwacha mzee wa Ugweno agombane kwa Kigweno, sisi wengine tusome maandishi ya chini?

Na utani wa kesi tunaouchekea una historia ambayo hatuifundishi. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi ya kupanda iliyoitwa mbiru. Hawakwenda kuchoma moto. Walikwenda kukaa hapo mpaka wajibiwe. Wanawake wa Usangi nao waliingia katika mgogoro huo na kumkabili ofisa wa kikoloni ana kwa ana. Walipeleka malalamiko yao ngazi kwa ngazi, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa milima hiyo hiyo, aliandika kitabu kizima juu ya mbiru, kikatoka mwaka 1971. Zaidi ya nusu karne kimekaa kwenye rafu, kinasubiri mtu mwenye kamera.

Kwa hiyo anayeuza ng'ombe kwa kesi ya kuku si mjinga. Amerithi imani kwamba ofisi ipo ili ijibu. Ukimcheka, unamsaidia anayekalia ofisi.

Nazijua hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni fedha. Ni kweli, hatuna fedha. Lakini filamu niliyoisimulia haina vita, haina majumba wala farasi. Ina barabara, ofisi, mkokoteni na mwanamke. Ya pili ni kwamba filamu za kienyeji haziwezi kuvuka mipaka. Amil Shivji ameshatujibu: mwaka 2021 aliichukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, akaifanya filamu ya Zanzibar ya miaka ya 1950, na ikavuka. Zanzibar imepata. Usangi, Ugweno na Same bado.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami sitaikwepa. Wapo wanaosema Zhang Yimou mwenyewe alijipendekeza. Filamu zake mbili zilizotangulia, Ju Dou na Taa Nyekundu, zilikuwa zimezuiwa kuonyeshwa China, na katika Hadithi ya Qiu Ju karibu kila ofisa ni mpole na mwenye adabu. Ni kweli. Polisi wa filamu hiyo wana subira ambayo sijawahi kuikuta kwenye kaunta yoyote. Na tusisahau Agosti 2008, ufunguzi wa Olimpiki mjini Beijing, ulioongozwa na Zhang Yimou huyo huyo. Aliwapanga watu 3000 uwanjani wakiwa wamevaa kama wanafunzi wa Confucius, wakighani mafundisho yake kwa sauti moja. Ilipendeza macho. Lakini kati ya wote 3000, hakuna aliyeuliza swali.

Basi kuna Confucius wawili ndani ya mwongozaji mmoja. Mmoja ni wa uwanjani, sauti moja, kofia moja, dola imekaa jukwaani inatazama. Mwingine ni wa barabarani, amebebwa na mwanamke mjamzito anayeuza pilipili. Sina ugomvi na Wachina wakimpenda wa kwanza, hiyo ni sherehe yao. Ugomvi wangu ni na sisi. Tangu mwaka 2013 tuna Taasisi za Confucius katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, vijana wanajifunza Kichina, na ni jambo jema, nami nimefaidika na lugha hiyo. Lakini kila tunapotafuta cha kuiga kutoka China, wakubwa wetu wanatuletea yule wa uwanjani. Wanamkaribisha kwa sababu anasema wanachotaka kusema wao, ila yeye ana ndevu ndefu zaidi.

Wenzangu mnaoandika na mnaoshika kamera, tusiwasaidie. Msije milimani kwetu kupiga picha za ukungu, makande na ngoma kisha mkaita urithi. Kaeni siku nzima kwenye baraza la kata. Sikilizeni kesi ya mpaka, ya mfongo, ya mbuzi aliyeingia shambani. Msikilize jinsi mtu anavyotaja ukoo wake kabla ya kutaja madai yake, jinsi mzee anavyotukana kwa methali ili asishtakiwe kwa kutukana. Hapo ndipo mila inafanya kazi, na hapo ndipo inapoumiza watu pia. Ukiogopa kuonyesha inapoumiza, utabaki na ngoma.

Mwezi uliopita nilikwenda Usangi na kompyuta yangu. Nikamwekea shangazi filamu baada ya chakula cha usiku, mimi nikisoma maandishi ya Kiingereza na kumtafsiria, nusu Kiswahili, nusu Kipare changu kibovu. Mwanzoni alishughulika na pilipili: kwa huko kilo ni shilingi ngapi, na kwa nini anaziuza za jumla. Mwenyekiti alipotupa noti chini, shangazi alisogea mbele ya kiti. "Asiokote," alisema. Qiu Ju hakuokota.

Mwishoni Qiu Ju anajifungua kwa shida usiku, na mwenyekiti yule yule ndiye anayewakusanya wanaume wambebe hospitali. Mtoto na mama wanapona. Siku ya sherehe ya mtoto mwenyekiti amealikwa na wanamsubiri, Qiu Ju ameshasahau kesi. Ndipo habari inafika: picha ya eksirei imeonyesha mume alivunjika ubavu, kwa hiyo kosa ni kubwa zaidi, polisi wamekuja kumchukua mwenyekiti, siku 15 mahabusu. Qiu Ju anakimbia hadi barabarani. Gari limeshaondoka. Picha inasimama kwenye uso wake.

Shangazi akasubiri. "Imeisha?"

"Imeisha."

"Basi hajapata."

"Ameshinda, shangazi. Mwenyekiti amefungwa."

"Kwani aliomba afungwe?" Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyekosea hesabu rahisi. "Alitaka aseme. Sasa ndiyo hatasema tena."

Nikamwambia kwamba nilikosea kumpigia simu ile. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakatoka machache. Hakusema amenisamehe. Alikusanya vikombe, akavipeleka jikoni, na akiwa huko huko akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ndiva imejaa tope, msaragambo ni wiki ile ya mwisho wa mwezi, na baada ya kazi huwa kuna mkutano. Akauliza kama nitakuwa bado nipo.

Naandika haya Mwanga mjini, kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, upepo unapiga mabati. Msaragambo ni kesho. Nasubiri gari la kupanda Usangi, na koleo nimeshanunua. Kwenye mkutano nitakaa nyuma. Shangazi ndiye atakayezungumza.